Baiolojia ya chuo haitaki kukaririwa

Wengi huchagua baiolojia kwa sababu sekondari walikuwa na kumbukumbu nzuri. Chuoni kumbukumbu hiyo haikufikishi mbali, maana maswali hubadilika sura. Huulizwi tena utaje sehemu za seli. Unaulizwa: utando wa ndani wa mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza nishati) ukianza kuvuja protoni (chembe zenye chaji chanya), itakuwaje?

Aliyekariri majina ya vimeng'enya hapo hana pa kushika. Aliyefuatilia protoni zinavyosukumwa, zikajazana upande mmoja wa utando, kisha zikarudi kupitia kimeng'enya kinachounda ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), atajijibu mwenyewe: zikivuja zinarudi bila kufanya kazi, oksijeni inaendelea kutumika, ATP inapungua, na nishati inapotea kama joto.

Mimi nilijizoesha hivi: jioni ya siku ya mhadhara nafunga daftari, nachukua karatasi tupu na kuchora mchakato mzima kwa mishale. Kila mshale naudai sababu. Ninapokwama ndipo pa kusoma usiku huo, kwingine napita. Kupaka daftari rangi za kila aina kunapendeza macho, lakini sijaona kunamsaidia nani kwenye mtihani.

Maabara nayo ina adabu zake. Kwenye hadubini anza na lenzi ndogo, na ukifika kwenye lenzi kubwa usiguse tena skrubu ya kurekebishia kwa hatua kubwa, la sivyo utapasua slaidi. Halafu chora unachokiona, si kilichomo kitabuni. Katika ncha ya mzizi wa kitunguu, inayotumika kuonyesha seli zinavyogawanyika, seli nyingi utazikuta hazigawanyiki. Mchoro wenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) zilizojipanga vizuri kila mahali, kana kwamba kila seli inagawanyika, msahihishaji anajua umetoka wapi.

Takwimu ndilo somo wanalolikimbia wengi, nami nasema lichukue mapema. Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, katika makala yake ya 1866, alihesabu mbegu za njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Hiyo ni 2.96 kwa 1, si 3 kwa 1 kamili kama nadharia yake inavyotarajia. Je, pengo hilo ni la bahati tu? Bila takwimu huwezi kujibu, na ripoti zako zote za maabara zitakuuliza swali hilohilo.

Kemia sina haja ya kuieleza. Protoni zile za juu ni kemia tupu.

Ukifika mwaka wa pili, mwombe mhadhiri mmoja akuruhusu kusaidia kwenye utafiti wake, hata kama utaanza kwa kuosha chupa. Nenda ukiwa umeshasoma makala yake mojawapo.