Programu ndogo ya kujifurahisha: tengeneza saa inayotaja wakati kwa Kiswahili

Mleta mada ameomba wazo la programu ndogo ya kujifurahisha ambayo mtu ataimaliza kabla hamu haijamwishia. Mkuu, tengeneza saa inayosema wakati kama tunavyousema wenyewe: badala ya 11:50 iandike "saa sita kasoro dakika kumi mchana". Faili moja la HTML lenye JavaScript ndani linatosha. Naupenda mradi huu kwa sababu ugumu wake karibu wote uko kwenye lugha yetu.

Saa kwanza. Wengi huchukua h, yaani saa ya kompyuta ya 0 hadi 23, wakaandika (h - 6) % 12 (alama % hutoa baki la kugawanya). Mchana inakubali, ila h ikiwa 3, yaani saa tisa usiku, JavaScript inarudisha -3. Andika (h + 6) % 12, na jibu likiwa 0 liwe 12.

Kazi yenyewe iko kwenye dakika. 0 ni kamili, 15 na robo, 30 na nusu, 45 kasorobo. Kuanzia 31 ongeza 1 kwenye h, kisha taja kasoro dakika 60 - m, m ikiwa dakika za sasa. Hapa ndipo watu hukwama: wanaongeza saa, halafu kipindi cha siku wanakitafuta kwa h ya zamani. Matokeo yake 11:50 inakuwa "saa sita kasoro dakika kumi asubuhi", na hakuna anayesema hivyo. Kipindi kifuate saa inayotajwa, yaani h mpya: 4 hadi 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, zinazobaki usiku. Wapo wasemao saa moja jioni. Chagua moja usonge mbele, usianze kujenga ukurasa wa mipangilio.

Kuisasisha saa kila dakika, usitumie setInterval (amri ya kurudia kazi) ya milisekunde 60000, maana inahesabu tangu ukurasa ulipofunguliwa na saa yako inaweza kuchelewa karibu dakika nzima. Weka setTimeout (amri ya kusubiri mara moja) ya 60000 - Date.now() % 60000, yaani muda uliobaki hadi dakika mpya ianze, uipange upya kila inapoita. Aliye Muscat au London akitaka saa ya nyumbani, mpe Intl.DateTimeFormat, kifaa cha JavaScript cha kuandika tarehe na saa, yenye timeZone ya Africa/Dar_es_Salaam na hourCycle h23 (saa 0 hadi 23).

Kabla ya kugusa rangi na fonti, jaribu 0:00, 3:31, 5:45, 11:50, 18:30 na 23:45. Hiyo ya mwisho ikitoa "saa sita kasorobo undefined", ujue h imefika 24 na hujairudisha kuwa 0.