Waulize Walimu: Usiwagawe Watoto, Badilisha Somo

SWALI: Hamjambo wahariri. Nilipata C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na ninataka kuwa mwalimu wa watoto wanaojifunza kwa njia mbalimbali, wakiwemo walio na ulemavu. Baba anataka nisomee elimu maalumu moja kwa moja. Shangazi anasema nianze na ualimu wa kawaida. Nifuate la nani?
F.W., Kayole

JIBU: Njia zote mbili zipo. Kwa C+ unaweza kuomba shahada ya ualimu, na Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Barabara ya Thika, kina shahada ya elimu maalumu. Ama usome stashahada ya ualimu wa shule za msingi, miaka 3, kisha uongeze elimu maalumu KISE, taasisi ya serikali iliyoanzishwa 1986 na iliyoko Kasarani. Sisi tunaelemea upande wa shangazi. Mtoto asiyeona naye anafundishwa hesabu, na mwalimu ambaye hesabu yenyewe haijamkaa sawasawa hawezi kuigeuza iguswe kwa vidole. Njia yoyote utakayoshika, hutafundisha kihalali bila kusajiliwa na TSC, tume ya serikali ya walimu.

Unaposubiri nafasi, anza Lugha ya Ishara ya Kenya au Breli, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Zote mbili zimetajwa katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Breli ina nafasi sita za nukta kwa kila herufi. Ukiandika kwa sleti (fremu ya kuongozea nukta) na kalamu ya kutobolea, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa isomeke kushoto kwenda kulia. Wanaoanza hukumbuka kugeuza mstari wakasahau kugeuza herufi, ndiyo maana E husomeka I.

SWALI: Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, Gredi ya 4, watoto 60. Kwenye semina tuliambiwa tuwapime wanafunzi tuwatenge makundi matatu: wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kila kundi lifundishwe kivyake. Nimejaribu wiki mbili na nimechoka kabisa. Nakosea wapi?
Mwalimu mwanafunzi, Dagoretti

JIBU: Hukosei wewe, mwalimu. Wazo hilo limeenea duniani kote, ila ushahidi wake ni hafifu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta uthibitisho kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Tafiti zilizofanywa kwa namna ya kuweza kulijibu swali hilo zilikuwa chache, na kadhaa kati ya hizo zilipinga wazo hilo. Mtoto aliyepachikwa jina la “wa kutenda” ananyimwa kusoma, na kusoma ndiko alikohitaji kusaidiwa.

Tofauti za kweli zipo, na ni nzito kuliko hizo: nani haoni ubao, nani hasikii, nani hajui Kiingereza ambacho kuanzia Gredi ya 4 ndicho cha kufundishia, nani alikosa msingi wa mwaka jana. Kwa hiyo darasa libaki moja, na somo moja lipitie macho, mikono na mdomo wa kila mtoto.

Chukua kosa la kawaida: mtoto anasema robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Kata vipande vya karatasi vya sentimita 24 kwa 3. Karatasi moja ya A4 hutoa vipande 7. Kwa makundi 12 ya watoto 5, kila kundi vipande 3, unahitaji 36. Karatasi 6 zinatosha na vinabaki 6 vya akiba. Kipande cha kwanza kikunjwe sehemu 2 sawa (kila moja sentimita 12), cha pili sehemu 3 (8), cha tatu sehemu 4 (6). Theluthi ndiyo huharibika, maana watoto hukunja kwa kukisia. Waweke alama kwa rula kwenye 8 na 16 kabla ya kukunja. Usipofanya hivyo, theluthi moja inaweza kutoka ndogo kuliko robo, na utakuwa umewathibitishia kosa lao kwa mikono yao wenyewe.

Kisha wavilaze vipande sambamba, waeleze kwa Kiswahili kwanza, ndipo waandike sentensi kwa Kiingereza. Anayemaliza mapema mwulize kipande hichohicho kikigawanywa sehemu 5 sawa, kila sehemu itakuwa na urefu gani. Jibu ni sentimita 4.8, na litamshughulisha vilivyo.

Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kumtaja mtu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakisubiri tatu majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Ni jambo dogo lisilogharimu hata chaki, nasi tunalithamini kuliko kifaa chochote.

Dakika 5 za mwisho, kila mmoja ajibu swali moja kwenye kikaratasi. Panga mafungu matatu: wameelewa, wanayumba, bado. Kesho yake kaa dakika 10 na fungu la “bado” wengine wakifanya zoezi. Makundi haya hubadilika kila siku, na hapo ndipo yanapotofautiana na yale ya semina. Usiwarudie kwa maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Rudi kwenye karatasi.

Na mvua ikipiga mabati, acha kufundisha kwa sauti. Andika maagizo ubaoni, wafanye kazi wawili wawili.

SWALI: Binti yangu yuko Gredi ya 3. Anaruka mistari akinakili na anasoma polepole mno. Shuleni wanamwita mvivu. Nifanye nini?
Mama wa watoto watatu, Umoja

JIBU: Pole, mama. Neno “mvivu” liwekwe kando mpaka macho na masikio yake yapimwe. Kwa sasa mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na mng’ao wa dirisha ubaoni, na herufi za ubaoni zifike sentimita 5.

Macho na masikio yakiwa sawa, msikilize akisoma Kiswahili. Kwa kuwa herufi zetu hutamkwa jinsi zilivyoandikwa, mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uvivu, anaweza kusoma silabi zote bila kosa ila kwa kuburura, akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Katika Kiingereza makosa hujaa. Akiyumba katika Kiingereza peke yake, huenda shida ni lugha tu.

Hatua inayofuata ni kituo cha uchunguzi wa elimu cha serikali, EARC. Mwalimu mkuu anaweza kukuandikia barua. Beba madaftari yake ya muhula huu na uliopita, kadi ya kliniki ya utotoni, na karatasi uliyoandika kwa wiki mbili: alisoma nini, kwa dakika ngapi, alikwama neno gani. Usimnunulie madaftari mapya kabla ya kwenda. Yale yaliyofutwafutwa ndiyo watakayotaka kuyaona.