Jibu: Ile dokumentari ya nguva ni ya kweli?

Ndugu, umeuliza kama ile dokumentari ya nguva (yule wa hadithi, nusu mtu nusu samaki) ya kituo cha televisheni cha Animal Planet ni ya kweli, maana wanasayansi wanahojiwa humo. Hapana. Ilirushwa 2012, na wale "wanasayansi" ni waigizaji. Watu waliamini hadi NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari, ikatangaza kwamba hakuna ushahidi wa nguva. Mwaka uliofuata kituo cha Discovery wakafanya vilevile kwa megalodoni, papa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Inaniuma sana, maana bahari ina maajabu ya kweli. Tafuta habari za samaki aitwaye silikanti: alidhaniwa ametoweka tangu zama za dinosau, akavuliwa Afrika Kusini 1938. Hata wavuvi wa Tanga wamewahi kumnasa kwenye jarife.