Kamera nne kwenye skrini moja: picha ikichelewa, tafuta foleni

Maulidi yameshaanza. Kamera nne za USB zimefungwa ukumbini: moja kwa msomaji, moja kwa wapiga dufu, moja juu kuonesha safu nzima, moja mlangoni. Zote zinaingia kwenye laptopu moja, na picha zinatoka kwenye skrini kubwa iliyowekwa uani kwa waliokosa nafasi ndani. Dakika za mwanzo mambo ni mazuri. Nusu saa baadaye dufu linasikika na mkono wa mpigaji kwenye skrini bado uko hewani, na kamera ya mlangoni inamuonesha mtu akivua viatu ilhali ameshakaa kitako ndani.

Ushauri unaotolewa haraka ni kununua mashine yenye nguvu zaidi. Tunakuomba usifungue pochi kwanza. Mara nyingi mashine inatosha. Kinachochelewesha ni fremu (zile picha moja moja zinazounda video) za zamani zilizojipanga mahali fulani zikisubiri zamu yao, wakati hakuna tena anayezihitaji. Kazi ni kujua foleni hiyo iko wapi. Ni hivyo hivyo kwa anayeonesha mchezo wa ng'ombe kule Pemba, kwa skuli inayorusha mahafali, na kwa mwenye duka Darajani aliyeandikiwa programu yake ya Python ya kutazama kaunta.

Pima kabla hujagusa kitu

Fungua stopwochi kwenye simu, ile inayoonesha sehemu za mia za sekunde, uishike mbele ya kamera. Kwa simu ya pili piga picha moja inayochukua vyote viwili: stopwochi yenyewe na sura yake kwenye skrini. Stopwochi ikisoma 14.62 na skrini ikasoma 14.47, umechelewa kwa milisekunde 150. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kukosea kwa milisekunde 17 au zaidi kidogo; piga picha tatu uchukue wastani. Fanya hivyo kwa kila kamera, kisha rudia baada ya dakika 10 na baada ya dakika 30.

Ukipata 150 mwanzo na 150 mwisho, kuchelewa kwako kumesimama. Kamera ya USB kuchelewa kati ya milisekunde 100 na 200 ni jambo la kawaida, na jicho la mtazamaji halitalalamika. Lakini ukipata 150, kisha sekunde 3, kisha sekunde 9, basi programu inakula polepole kuliko kamera inavyopakua. Hesabu yake ni nyepesi. Kamera inatoa fremu 30 kwa sekunde, programu inamudu 25. Kila sekunde zinabaki tano. Baada ya dakika moja ziko 300 kwenye foleni, na picha unayoitazama ni ya sekunde 10 zilizopita. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ikishafunguliwa ina baiti milioni 6.2, kwa hiyo foleni hiyo peke yake imemeza karibu gigabaiti 1.9 za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ndiyo maana, kabla ya kufikiria jambo jingine, tazama RAM ya programu yako. Ikipanda tu bila kushuka, foleni imo ndani ya programu na si kwenye waya.

Njia ya USB hujaa mapema

USB 2.0 inaandikwa megabiti 480 kwa sekunde, lakini kamera haziruhusiwi kuitumia yote: mawasiliano ya aina yake, yale yanayokatiwa nafasi maalumu, hukomea asilimia 80, yaani megabiti 384. Sasa picha isiyobanwa, inayoitwa YUY2, inatumia baiti mbili kwa kila pikseli. Kwa ukubwa wa 640 kwa 480 na fremu 30, kamera moja inataka megabiti 147. Kwa 1280 kwa 720 inataka 442, nazo hazipiti. Kwa 1920 kwa 1080 inataka 995. Kamera ukiilazimisha hapo hushuka kimya kimya hadi fremu 10 au 5 kwa sekunde, nawe unadhani inachelewa.

Dawa ni kuchagua MJPEG, ambapo kila fremu inabanwa kama picha ya JPEG kabla haijaingia kwenye waya. Gharama yake ni kazi ya kuifungua upande wa prosesa, na kwa kamera nne kazi hiyo inaonekana. Sisi tunaona 1280 kwa 720 inatosha kabisa kwa kamera nne zinazogawana skrini moja: kila moja itaonekana kwenye robo ya skrini, pikseli 960 kwa 540 kwa skrini ya 1920 kwa 1080, basi kuvuta 1080 ni kubeba mzigo wa kuutupa.

Kuna jambo linalowapoteza wengi. Kamera hukata nafasi yake kabla ya safari, na nyingine hukata zaidi ya inavyohitaji, kama abiria aliyeshika viti vitatu kwenye boti na anakalia kimoja. Kwenye Linux kamera ya tatu inakataa kufunguka na ujumbe unasema nafasi imekwisha kwenye kifaa. Watu huanza kufuta faili. Nafasi inayosemwa ni ya njia ya USB, wala diski haihusiki.

Habu nayo, kile kigawanyaji chenye matundu manne, haiongezi njia, inagawa iliyopo. Hata habu ya USB 3 haikusaidii ikiwa kamera zenyewe ni za USB 2.0, kwa sababu ndani yake njia ya zamani na mpya zimetengana, na kamera zako zote zinabanana kwenye ile ya 480. Kwenye Linux andika lsusb -t uone nani amekaa chini ya nani. Kwenye Windows fungua Device Manager na upange vifaa kwa jinsi vilivyounganishwa. Laptopu nyingi zina kidhibiti kimoja tu cha USB, kwa hiyo kuhamisha waya kutoka tundu la kushoto kwenda la kulia mara nyingi hakubadilishi kitu. Kwa kompyuta ya mezani inafaa kununua kadi ya PCIe, inayochomekwa ndani ya kompyuta, yenye vidhibiti vinne vinavyojitegemea. Hiyo ndiyo pesa iliyokwenda mahali pake.

Umeme usisahauliwe: tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, na habu isiyo na adapta yake inazigawa hizo hizo kwa kamera zote nne. Kamera yenye njaa ya umeme hukatika na kurudi, na kila ikirudi picha inaganda sekunde kadhaa. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Kwa waliopo karibu na bahari, chomoa plagi uzitazame: chumvi huacha ukungu wa kijani au mweupe kwenye shaba, na mguso mbovu una dalili zile zile za umeme mdogo.

Mwanga mdogo hupunguza fremu

Hili halifikiriwi, na usiku ndilo linaloharibu shughuli. Kamera ikikosa mwanga huongeza muda wa kuukusanya kwa kila fremu. Fremu 30 kwa sekunde zinaiachia milisekunde 33 tu. Ikihitaji 66, lazima ishuke hadi fremu 15. Ile kamera ya mlangoni, kwenye giza baada ya Isha, imeshashuka. Na kama programu yako inasoma kamera kwa zamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, basi tatu zilizo kwenye mwanga mzuri zinaisubiri hiyo moja ya gizani, na skrini nzima inakwenda kwa fremu 15.

Ongeza taa. Ni rahisi kuliko dawa yoyote ya kompyuta. Ikishindikana, zima ruhusa ya kamera kupunguza fremu: kwenye Linux tumia v4l2-ctl, amri ya kurekebisha kamera, na uweke exposure_dynamic_framerate kuwa 0 (kwenye matoleo ya zamani jina lake ni exposure_auto_priority). Picha itakuwa nyeusi kidogo lakini itakwenda na wakati. Hapo hapo weka masafa ya umeme kuwa hezi 50, maana ndiyo yetu. Kamera nyingine hufika zikiwa zimewekwa 60 na matokeo yake ni mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za ukumbini.

Ndani ya programu

Anayetumia OBS, programu ya kuchanganya na kurusha picha, aingie kwenye mipangilio ya kila kamera, achague mwenyewe ukubwa, fremu na MJPEG badala ya kuiachia programu ikisie, kisha azime bafa. Bafa ni kile kisanduku kinachoweka fremu chache akiba ili picha iende laini. Kwa shughuli ya moja kwa moja akiba hiyo ni kuchelewa tupu.

Kwa anayeandika programu kwa OpenCV, maktaba ya kushughulikia picha, kuna makosa tunayoyakuta karibu kila mara. La kwanza ni waitKey(30), amri ya kusubiri, ndani ya mzunguko wa kila kamera. Kila mwito unasimamisha programu milisekunde 30. Kwa kamera nne ni 120, na hapo huvuki fremu 8 kwa sekunde hata uwe na mashine ya namna gani. Unganisha picha nne kuwa moja, ioneshe kwenye dirisha moja, na uite waitKey(1) mara moja tu. La pili ni kuweka ukubwa kabla ya aina ya picha. Weka MJPG (ndivyo OpenCV inavyoiandika MJPEG) kwanza, ndipo upana, urefu na fremu, kisha uulize tena kwa get(), kwa sababu kamera inaweza kupuuza ulichoomba bila kukuambia. Kwenye Windows, kamera ikichukua muda mrefu kufunguka, jaribu CAP_DSHOW, njia nyingine ya OpenCV ya kuifungua.

La tatu ndilo kubwa: foleni isiyo na mwisho. Mpe kila kamera thredi yake, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine, isome bila kupumzika, na ihifadhi fremu moja tu, ya mwisho:

from collections import deque
sanduku = deque(maxlen=1)

def soma(kamera, sanduku):
    while True:
        sawa, fremu = kamera.read()
        if sawa:
            sanduku.append(fremu)

Fremu mpya ikiingia, ya zamani inatoka yenyewe. Thredi kuu ya kuonesha inachukua kilichomo kila inapokuwa tayari. Ikikosa fremu tatu njiani, hakuna atakayejua. Baadhi ya waandishi wa programu wanaona uchungu kutupa fremu. Tunaelewa, lakini anayetazama uani anataka kuona sasa hivi, na kama unataka kila fremu kwa ajili ya kumbukumbu, rekodi kwa njia ya pembeni.

Kamera za USB kwenye Linux zina rehema kidogo: OpenCV kwa kawaida huomba bafa nne, zikijaa fremu mpya hutupwa, kwa hiyo kuchelewa kwake kuna kikomo. Kamera za mtandao, zinazotuma picha kwa Wi-Fi au waya wa mtandao badala ya USB, hazina huruma hiyo, na ndizo huchelewa kwa sekunde nyingi.

Kamera za mtandao na kuta za Mji Mkongwe

Nyumba za mawe na chokaa zina kuta nene zinazomeza Wi-Fi. Kamera iliyopo chumba cha pili inaweza kuonekana ina mtandao, kumbe pakiti zinapotea na kutumwa tena. Kuna njia mbili za kutuma pakiti, TCP na UDP. Kwa TCP kila pakiti iliyopotea inasubiriwa, na picha inazidi kubaki nyuma. Kwa UDP haisubiriwi, na picha inakatika vipande. Usipoteze siku nzima kuchagua kati ya hizo mbili. Pitisha waya wa Cat6 na swichi ya PoE, ambao unakwenda mpaka mita 100 na unabeba umeme wa kamera humo humo. Ukilazimika kubaki na Wi-Fi ya gigahezi 2.4, tumia chaneli 1, 6 au 11 tu.

Kamera hizi hutoa mikondo miwili ya picha, mkubwa na mdogo. Kwa skrini yenye picha nyingi vuta ule mdogo. Kwenye kichezeshi cha VLC akiba ya mtandao kwa kawaida ni milisekunde 1000. Ishushe hadi 300 na uangalie kama picha bado inatulia. Kwa FFmpeg, programu ya amri ya kushughulikia video, ongeza -fflags nobuffer. Na kama picha inapita kwenye HLS, mfumo wa kurusha video mtandaoni kwa vipande, usitafute kosa: vipande vyake huwa vya sekunde 6 hivi na kichezeshi huanza vipande vitatu nyuma, kwa hiyo sekunde 18 zimo ndani ya mfumo wenyewe.

Kama kila kitu ni kizima kwa nusu saa na ndipo picha zinaanza kuvuta miguu, gusa laptopu. Imewekwa juu ya busati, matundu ya hewa yameziba, na prosesa imepunguza kasi kujiokoa na joto. Iweke juu ya ubao au meza.

Mwisho ni sauti. Maikrofoni inafika kabla ya picha siku zote, hata ukiwa umemaliza yote haya. Pima kuchelewa kwa kamera ya msomaji, kisha uicheleweshe sauti kwa kiasi hicho hicho kwenye kichanganyio cha OBS. Rekodi sekunde kumi mtu akipiga kofi mbele ya kamera hiyo, uitazame polepole: viganja vikikutana kabla kofi halijasikika, punguza kiasi ulichochelewesha, kofi likisikika viganja bado viko mbali, ongeza milisekunde 20 urudie.