Wanapiga piano au wanacheza piano? Na hiyo mikono minne tuisemeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi naishi Ujerumani, naimba kwaya ya Kiswahili huku. Kuna konseti inakuja ya ndugu wawili wa kike, wanakaa kwenye piano moja wote wawili, kuna Fantasia ya mtunzi Schubert na ngoma za mtunzi Dvořák, nikaombwa niandike tangazo kwa ajili ya watu wetu. Nimeandika hivi: "Wapianisti wawili watacheza piano na mikono minne." Mume wangu kasoma akasema hapo pana kitu hakijakaa sawa ila hawezi kukionyesha. Je, kiko wapi? Na yule anayekaa pembeni kuwafunulia kurasa anaitwaje?

Jibu: Marahaba dada yangu, na mumeo ana sikio zuri, maana viko viwili, kimoja kwenye "watacheza" na kingine kwenye hiyo "na".

Tuanze na kucheza. Kwetu ala inapigwa. Tunapiga ngoma, tunapiga zumari, tunapiga udi, gitaa, kinanda, filimbi, hata ile ya kupuliza kwa mdomo bado tunasema kupiga. Kucheza ni kazi ya mwili. Ukiambiwa fulani anacheza ngoma unamtafuta katikati ya uwanja, kiunoni kajifunga kanga, na yule aliyekaa na ngoma yenyewe mapajani ndo mpigaji. Sasa tangazo likisema "watacheza muziki wa Schubert", mtu wa Tanga au Unguja anaelewa kwamba watu watainuka kudansi, na kwa Dvořák ndo balaa zaidi maana kazi zenyewe zinaitwa ngoma, za kwanza aliziandika 1878 kwa mtindo wa ngoma za Waslavi, watu wa Ulaya ya mashariki, kwa hiyo ukiandika "watacheza ngoma za Dvořák" msomaji hana sababu yoyote ya kufikiria piano. Najua vijana wengi siku hizi wanasema kucheza gitaa, kucheza piano, nawasikia kila siku na wanaelewana vizuri tu, mazungumzo ya mtaani siwezi kuyapiga marufuku wala sitaki. Ila kwenye tangazo, ambapo msomaji hawezi kukuuliza "unamaanisha nini", nakuomba uandike kupiga.

Kuna watu wananiambia kupiga kunasikika kwa ukali, eti muziki mpole namna ile utasemaje unapigwa. Jamani, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu kwa mama, na hakuna anayeumia! Alafu ukifungua piano ndani utaona neno limekaa mahali pake kabisa: kila kitufe ukikibonyeza kuna nyundo ndogo iliyovikwa manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa inaruka inapiga nyuzi. Nyuzi hizo ni zaidi ya 200. Na kinanda, jina ambalo kanisani tumelizoea kwa chombo chochote cha vitufe, zamani pwani lilikuwa jina la ala ya nyuzi. Kwa hiyo mtu anayesema "kupiga kinanda" huku anaangalia piano hajakosea popote, amesema nyuzi na amesema nyundo. Ukitaka neno lenye ulaini, wapenzi wa muziki wa dansi wanalo, wanasema kukipapasa kinanda, kama wanavyosema kulicharaza gitaa. Mi nalipenda sana hilo papasa, ila kwa tangazo rasmi kidogo ningeliacha.

Haya, "na mikono minne". "Na" hapo inaunganisha, kama piano na fidla, kwa hiyo umesema kutakuwa na piano na tena kutakuwa na mikono minne, kama vyombo viwili tofauti. Kifaa cha kufanyia kazi tunakitaja kwa "kwa": kula kwa kijiko, kukata kwa kisu, kupiga piano kwa mikono minne. "Na" inarudi pale tu kitenzi kikiwa cha kutendwa, piano inapigwa na mikono minne, hapo ni sahihi kabisa, na labda ndiko ulikoitoa.

Wengine wanaandika "piano ya mikono minne". Hii nayo naiogopa. Tunasema kigoda cha miguu mitatu, maana yake miguu ni ya kigoda. Lakini tunasema pia kitanda cha watu wawili, na hapo watu sio sehemu ya kitanda, kitanda kimekusudiwa wao. Kiunganishi kile kile kinabeba maana zote mbili, na kwa piano msomaji asiyejua anaweza kudhani ni aina ya piano. Ukiipeleka kwenye muziki shida inaisha: "muziki wa mikono minne", yaani uliotungwa kwa ajili ya mikono minne, kama mchezo wa watu wawili. Na usichanganye na piano mbili, hicho ni kitu kingine. Mtunzi Mozart ana sonata, yaani kipande cha muziki wa ala, ya 1781 ambayo kila mtu anakaa na piano yake, hapo mikono ni minne pia lakini hakuna anayeiita muziki wa mikono minne, tunasema muziki wa piano mbili. Kinachotofautisha ni benchi na vitufe vile 88 vinavyogawanywa kwa watu wawili.

Na hapo kwenye kugawana ndipo Kiswahili kinapendeza mpaka nataka uongeze sentensi moja kwenye tangazo lako. Tuna kile kiambishi cha -ana. Usikitie kwenye kupiga, maana kupigana ni ugomvi na kupigiana ni simu. Ila tazama vingine: wanapokezana wimbo, wanaitikiana, wanafuatana, mikono yao inapishana. Kupishana huku kuna ushahidi wa zamani, ipo picha ya familia ya Mozart ya karibu 1780, Mozart na dada yake Nannerl wako kwenye kinanda kimoja na mikono yao imepishana, wa huyu umepita juu ya wa yule. Na ile Fantasia ya Schubert, ya 1828, mwaka ule ule aliofariki akiwa na miaka 31, inaanza kwa yule wa upande wa chini, wa sauti nzito, kutandika mwendo wa taratibu, alafu yule wa juu anaingia na wimbo, na mwanzo wa kipande kile huwezi kuupata kwa kitenzi cha mtu mmoja. "Anapiga" hakitoshi. Ni mpaka useme wanaitikiana.

Hao wa juu na wa chini waite hivyo hivyo tu, upande wa juu na upande wa chini, wanakwaya wenzako wataelewa haraka kwa sababu wamezoea sauti ya kwanza na besi. Pedali, neno lile lile la baiskeli, kwa kawaida inakanyagwa na wa chini, kwa hiyo inabidi mguu wake usikilize mikono ya mwenzake.

"Wapianisti" sina ugomvi nayo, ila wapiga piano inaeleweka na kila mtu. Na ukifikiria kuwaita jozi, neno hilo ningeliachia viatu.

Mi ningeandika hivi: "Ndugu wawili, piano moja. Watapiga Fantasia ya Schubert na ngoma za Dvořák, muziki uliotungwa kwa mikono minne. Njoo usikie wanavyopokezana na kuitikiana."

Na huyo wa pembeni ni mfunua kurasa, kama mpiga piano, mfua nguo, mkata miti. Jina lake liandike kwenye tangazo pia, akichelewa ukurasa mmoja mikono yote minne inasimama.