Umekosa Udaktari, Unaitazama Biolojia ya Molekuli

Juma lililopita binti mmoja wa Newala, aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), aliniandikia: “Shikamoo kaka. Udaktari nimeukosa, je, nichukue biolojia ya molekuli?” Swali hilo lilinigusa penye kidonda, kwa kuwa nami niliingia katika shahada hii, ya kuchunguza molekuli zinazoendesha uhai, nikiwa nimenuna, na mwaka mzima wa kwanza, kila niliporudi Mtwara, shangazi aliniita daktari mbele ya majirani nami sikumsahihisha.

Kilichonizindua ni kipindi kimoja cha virusi. Mhadhiri aliandika ubaoni chikungunya, akaeleza kuwa ugonjwa huo ulitambuliwa katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na kwamba jina lake limetoka katika Kimakonde, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Darasa zima likanigeukia. Lugha ilikuwa yangu, lakini nilipoulizwa kwa nini RNA ya virusi hivyo, yaani molekuli inayobeba maelekezo yao ya urithi, hugeuzwa kwanza kuwa DNA, molekuli ya urithi yenye pande mbili, ndipo ipimwe kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, nilinyamaza.

Mwaka wa tatu nilitafuta virusi vya michirizi ya kahawia katika majani ya muhogo ya shambani kwa mama. Mashine ya PCR huipasha sampuli hadi nyuzijoto 95 ili pande mbili za DNA ziachane, huipoza hadi karibu 55 ili vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, vishike, kisha huipandisha hadi 72 ili kimeng’enya kijenge nakala; mizunguko 30 ikienda sawa, nakala moja huzidi bilioni. Uchafu nao huongezeka vivyo hivyo. Kijichupa changu cha maji matupu, ambacho hakikupaswa kuonyesha kitu, kilitoa mstari unaong’aa kwenye jeli inayoonyesha DNA iliyonakiliwa, kwa sababu nilikuwa nimetumia ncha moja ya pipeti, kifaa cha kuhamishia vimiminika, mara mbili kwa kubana matumizi. Msimamizi wangu akasema mbele ya wenzangu kwamba mikono yangu inafaa kubangua korosho. Korosho hizo ndizo zilizonilipia ada, na jaribio lile nililirudia wiki tatu hadi mstari ukatoweka.

Kwa hiyo, wadogo zangu, someni kemia. Asiyeweza kuzimua myeyusho wa mola 1 hadi milimola 10, yaani kuupunguza ukolezi mara mia, bila kuomba msaada atateseka maabara, hata awe amekariri kitabu kizima. Badilisheni ncha ya pipeti kila mara, andikeni kosa daftarini siku hiyo hiyo, na, narudia, someni kemia. Sisi wa Kusini tumezoea kuchagua kozi kwa jina lake, tuache.

Binti nilimwuliza alama yake ya kemia, na kama yuko tayari kuwaeleza watu wa nyumbani, kwa miaka mitatu, kwamba yeye si daktari. Alama ameituma, la pili bado hajanijibu.