"Ukweli mchungu" kwa Kiingereza

Mdogo wangu, kwenye barua yako ya kuomba ufadhili usiandike "bitter reality", andika "harsh reality". Ukiongelea maisha kwa ujumla, weka wingi: "the harsh realities of life". "Bitter" inapendana zaidi na "truth", na hapo Kiswahili kinakubeba: ukweli mchungu, "bitter truth", neno kwa neno.

Mtego uko kwenye "hard". "Hard truth" ni ukweli unaouma. "Hard facts" haziumi, ni taarifa zilizothibitishwa, kama risiti ya mizani unapopeleka kahawa chamani: kilo 43, hakuna ubishi. Mimi niliwahi kumwandikia mgeni niliyempandisha mlima "hard facts" nikimaanisha shida za nyumbani, akanijibu akiomba takwimu!

"Grim reality" iache kwa vita, njaa na vifo. Ada ya shule haijafika huko (ingawa Januari hapa Moshi utadhani imefika). Na "home truth" siyo habari za nyumbani, ni lile neno ambalo shangazi anakupasulia usoni kuhusu tabia yako.